Mvule wa Bi Havijawa

Hapo zamani, kuvuka mto kulipokuwa bado ni jambo la kuagana, aliishi kule milimani Uluguru mwanamke mmoja jina lake Mwanamvua. Kijiji chake kilikuwa upande wa huku, mkunga aliishi upande wa kule, na katikati palikuwa na mto. Kiangazi watoto waliuvuka wakicheza. Masika hakuna aliyethubutu.

Mwanamvua alishikwa na uchungu masika yamekolea, na mtoto amelala mkingamo tumboni. Mwaka uliotangulia angekufa, na kila mtu alilijua hilo. Lakini safari hii palikuwa na daraja jipya la mbao za mvule. Mumewe na jirani zake wakambeba juu ya kitanda cha kamba, wakavuka naye huku maji yakinguruma chini ya miguu yao. Mkunga akamgeuza mtoto taratibu, kwa mikono yake, mpaka akatoka akilia. Mama mzima, mtoto mzima.

Arobaini ilipokaribia, Mwanamvua alimwambia mumewe kwamba mtoto ataitwa kwa jina la mtu aliyewavusha. Kwao jina la mkubwa alipewa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, na mtoto mmoja hakupewa majina mawili. Akamfunga mwanawe mgongoni, akatwaa kikapu cha ndizi, akaenda kushukuru.

Alianza kwa Mkude, mpasua mbao, akamkuta ananoa msumeno. Hakuna asiyejua alichofanya Mkude. Alilipasua gogo la mvule zaidi ya mwezi mzima bila ujira, mvua za kupandia zikamkuta mtoni. Alipohimizwa aende shambani, alijibu kwamba daraja la nusu litasombwa lote. Hakupanda hata punje. Mwaka ule watoto wake walikula mihogo ya kuomba.

"Asante, baba," Mwanamvua alisema. "Nataka mwanangu aitwe Mkude."

Mkude alimpakata mtoto, akamtazama sana. "Mimi nilitoa mikono, mama, na mikono bado ninayo. Mvule haukuwa wangu. Nenda kwa Kobelo. Alitaka kujengea nyumba ya kuolea, akautoa, na mchumba akamkosa."

Ilikuwa kweli. Wakwe walikuwa wamemwambia Kobelo kwamba bila nyumba ya mbao hapati mke. Mti ulipogeuka daraja, binti akaolewa kwingine, na Kobelo akabaki na kibanda chake cha nyasi.

Aliposikia ombi la Mwanamvua, aliinamisha kichwa.

"Dada, nitakwambia nisilowahi kumwambia mtu. Mama alipokuwa anakata roho tulikuwa wawili tu. Akaniusia, 'Mvule wangu uwe daraja. Ni sadaka yangu kwa wanaozaa.' Hakuna mwingine aliyesikia. Nikaukalia usia ule miezi mitatu. Kila asubuhi nilikwenda kuupima mti, nikihesabu milango na madirisha. Ningenyamaza, nani angejua? Mwishowe nikashindwa, nikamwita Mkude. Lakini ningesema mapema angemaliza kabla ya mvua, na angepanda. Usimwite mwanao Kobelo. Mwite Havijawa."

Akamsimulia habari za mama yake. Bi Havijawa alifiwa na bintiye mkubwa ukingoni pale pale, akijifungua, mkunga amesimama ng'ambo anamsikia na hawezi kuvuka. Tangu siku hiyo hakuruhusu shoka kuugusa mvule wake, uliokuwa bado mwembamba, mpaka ukue wa kutosha daraja. Miaka thelathini aliishi chini ya paa linalovuja, akiuhamisha mkeka wake kutoka pembe hii hadi ile, na watu wakamwita mchoyo.

Mwanamvua alikwenda mpaka kaburini. Alishukuru kwa sauti, kama mtu anayezungumza na mama yake, akalia. Bi Mgeni, mdogo wa marehemu, alikuwa akifagia pale. Alimwacha amalize, kisha akasema naye.

"Mwanangu, dada yangu alitoa, Mungu amlipe. Lakini alikuwa amekwishaondoka, hakuuona mti ukianguka. Aliyelala njaa ni Mkude. Aliyelala peke yake ni Kobelo. Warudie hao."

Siku ya arobaini watu walijaa uani. Mkude alikuja na wanawe. Kobelo alisimama nyuma kabisa, karibu na ua. Bi Mgeni alikaa mkekani, mahali ambapo dada yake angekaa. Mkunga akamwinua mtoto, akauliza anaitwa nani.

Mwanamvua aliwatazama mmoja mmoja. Angekuwa amezaa watatu, kazi ingekuwa nyepesi. Alizaa mmoja.

Basi ninyi mnaonisikiliza, msaidieni. Yuko aliyejinyima paa miaka thelathini, akausia, akafa, na jina lake la uchoyo likiwa midomoni mwa watu. Yuko aliyeusikia usia peke yake, akauficha, kisha akautimiza na kupoteza mke. Na yuko Mkude, ambaye hakuusiwa na mtu wala hakudaiwa kitu, akaliacha shamba lake mpaka ghala likawa tupu. Mkunga bado amemwinua mtoto, na watu wanangoja jina.

Je, nani alistahili jina lile?