Kwa Nini Kila Kiongezi Huanza kwa Kutaja Wenzake

Ninyi mlioajiriwa juzi mmeniuliza kwa nini kila kiongezi, kile kijiprogramu kinachoiongezea programu yetu ya kuandikia kazi mpya, huanza na orodha ya majina. Zamani haikuwa hivyo. Sogezeni viti niwaeleze.

Enzi hizo ofisi hii ya vitabu, hapa Tukuyu, ilikuwa na kompyuta nne tu, na kila mwenye ujuzi aliiongezea programu alichotaka. Mzee Mwakipesile, mhariri wetu, aliitengenezea kiongezi cha kusahihisha upatanisho wa ngeli. Viongezi vyote vilichota msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, kwenye maktaba, yale mafaili ya maagizo ya kutumiwa kwa pamoja, zilizokaa katika folda moja, na hakuna aliyeandika kipi kinategemea ipi. Mzee akastaafu, akaenda zake kulima chai.

Baadaye Bi Sekela, fundi wetu, alitengeneza kiongezi cha faharasa. Kilihitaji toleo la pili la maktaba ya maneno, naye akalifuta la kwanza na kuliweka hilo jipya, kwa nia njema kabisa. Kesho yake kitabu cha darasa la tatu kilitakiwa kiwandani kabla ya saa nane mchana. Saa nne asubuhi Atupele, msomaji wa prufu, alikipitisha kwenye kiongezi cha ngeli kwa usahihishaji wa mwisho, akapiga ukelele.

"Dada Sekela, njoo usome!"

Kwenye kioo paliandikwa: "Mwalimu kimeingia. Wanafunzi vimesimama." Kitabu kizima, watu walikuwa wamegeuzwa vikombe. Tulicheka mpaka machozi. Bi Sekela peke yake hakucheka; alijua ni mkono wake. Akampigia mzee simu.

"Shikamoo, mzee. Kiongezi chako cha ngeli kinataka nini?"

"Marahaba. Kinataka toleo la kwanza la maktaba ya maneno. La pili limepanga ngeli upya."

"Mbona hukuandika popote?"

"Nilikuwepo, mwanangu. Mlikuwa mnaniuliza mimi."

Bi Sekela akarudisha toleo la kwanza. Mwalimu akawa mtu tena, lakini faharasa ikagoma. Akarudisha la pili, faharasa ikatengemaa, mwalimu akawa kikombe. Saa sita ikapita.

"Basi, kila kiongezi kiwe na toleo lake," akasema. Akakipa kila kiongezi folda yake, akaandika juu kabisa majina ya maktaba kinazozihitaji, na toleo la kila moja. Kisha akaifunza programu kuisoma orodha hiyo kwanza, kabla ya kuwasha chochote. Saa saba na nusu kitabu kilitoka, faharasa ikiwa mahali pake, na mwalimu akiingia darasani kwa miguu yake mwenyewe.

Na tangu siku hiyo, anayetengeneza kiongezi hapa huandika kwanza majina ya maktaba zinazomtegemeza, ndipo aandike jina lake.