Kidole cha Bi Mize Ubavuni mwa Changu

Kabla hamjampara huyo changu, mlazeni ubavu kwanza mumtazame. Mnaliona hilo doa jeusi, hapo katikati, kubwa kama alama ya kidole gumba? Mgeuzeni. Na upande wa pili lipo. Msilisugue, haliondoki. Walikwisha kujaribu wenye nguvu kuliko nyinyi, tena kwa mchanga na maji ya bahari, wakashindwa. Wekeni kisu chini niwaeleze lilitoka wapi, kisha tutapika.

Enzi zile changu hakuwa na doa. Alikuwa mweupe wa kung'aa tangu kichwani mpaka mkiani, na kisiwa cha Kiwengele kilikuwa chini ya Jumbe Dadi. Mtu huyu alipenda vitu safi. Hilo si kosa. Kosa lake ni kwamba alivitaka vyote. Siku moja akaamuru mbiu ipigwe: kila samaki asiye na doa wala kovu atakayefika dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ni wa Jumbe. Aliyechubuka, aliyeng'atwa na kaa, aliyelala juani mpaka tumbo likavimba, huyo ni wa watu. Na atakayebisha atafukuzwa kisiwani.

Basi kila asubuhi, wavuvi walipofika na samaki wa madema yao, Makata, msimamizi wa Jumbe, alikuwa keshatangulia na matenga. Alichagua chewa, tasi, pono, kolekole na changu, akabeba. Ngome ya Jumbe haikuwa na matumbo ya kutosha kuwamaliza samaki wote wale, kwa hiyo waliozea nyuma ya ukuta, na upepo ukigeuka harufu iliwaingilia majumbani watu waliokuwa wakila ng'onda, wale samaki wa kutupwa waliokaushwa kwa chumvi kabla hawajaoza. Hebu fikirini! Watoto waliozaliwa hatua mia kutoka majini walikua hawajui kumtofautisha tasi na pono. Hawakujua kwamba samaki mbichi hufunuliwa mashavu ili uone wekundu wake, wala kwamba jicho lake huwa limejaa na linang'aa. Walidhani samaki kazaliwa mkavu, na chumvi yake ndani. Kila nikifika hapa huwa nakasirika, na sina nia ya kuacha.

Hapo kisiwani aliishi mjane aitwaye Bi Mize. Baba yake alikuwa fundi wa kusuka madema ya kutegea samaki, kwa hiyo yeye alikulia dikoni, akawajua samaki kama alivyowajua majirani: nani anakaa kwenye majani na nani kwenye mwamba, nani ana nyama laini ya kumfaa mzazi na nani mafuta yake yanamsumbua mgonjwa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliitii mbiu ile miaka sita, akitafuna ng'onda.

Mwaka wa saba binti yake, Raya, akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya kwanza maziwa hayakutoka. Siku ya pili hayakutoka. Jirani mmoja aliyekuwa ananyonyesha alimsaidia mara mbili, lakini naye alikuwa akiishi kwa ng'onda, maziwa yake hayakumtosha hata mwanawe. Siku ya nne mtoto akawa halii tena kwa sauti, anafungua mdomo tu na kuufunga. Bi Mize aliijua dawa ya kuita maziwa: chukuchuku ya changu mbichi, kwa ndimu, chumvi kidogo na pilipili manga, inywewe ingali moto. Alijaribu supu ya ng'onda, Raya akaitapika yote. Usiku huo Bi Mize hakulala.

Asubuhi ya siku ya tano alikuwa ameinama mafigani, ameshika chungu chake kikuukuu kwa mikono miwili, aliposikia wavuvi wanaitana ufukweni. Alikitua chungu akatoka vilevile, bila hata kunawa. Alipofika dikoni alimkuta Makata amewatia changu wazima ndani ya mtumbwi uliojaa maji, maana siku hiyo Jumbe alitaka wafike ngomeni wakiwa wanarukaruka.

"Makata, mwanangu," alisema, "nina mzazi ndani. Nipe changu mmoja tu."

"Bi Mkubwa, nisamehe. Hawa hawana doa. Mbiu umeisikia."

"Mtoto anakufa."

"Nimekusikia, mama yangu. Lakini na mimi kichwa nilicho nacho ni kimoja."

Bi Mize hakulia. Machozi yalikuwa yameshafika, hasira ikayarudisha. Aliwatazama wale samaki weupe, kisha akautazama mkono wake, ambao ulikuwa mweusi kwa masizi mpaka kwenye kiwiko. Akachutama kando ya mtumbwi, akauzamisha mkono, akamkamata changu mkubwa kuliko wote, gumba upande huu na kidole cha shahada upande ule, akambana. Alipomwinua mbele ya watu, masizi yalikuwa yamebaki kwenye mbavu zote mbili, meusi ti.

"Sasa ana doa," alisema.

Wavuvi walicheka, kisha wakakumbuka wako wapi wakainamia madema yao. Makata alimpokonya samaki, akamsugua kwa mchanga, akamsuuza, akamsugua tena. Doa likazidi kung'aa. Alipokuwa bado anahangaika, Bi Mize alimtoa kwa utaratibu yule samaki mikononi mwake, akamshika vizuri kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaendelea na waliobaki ndani ya mtumbwi. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wanawake waliokuja kuokota samaki wa kutupwa walitazamana, na ghafla wakatimua mbio kuelekea majumbani mwao. Waliporudi kila mmoja alikuwa na mikono myeusi, wengine na chungu chenyewe wamekikumbatia. Jua halijapanda sana, mtumbwi mzima haukuwa na changu safi hata mmoja.

Habari zilifika ngomeni, na Jumbe Dadi akateremka mwenyewe na walinzi wake. Alichungulia ndani ya mtumbwi. Uso wake ulikunjamana kama mtu aliyepakwa matope.

"Mwanamke, safisha samaki wangu."

"Sisafishi," alisema Bi Mize.

"Kidole hicho nitakikata."

Bi Mize aliunyosha mkono mbele yake, vidole vikiwa wazi. "Kikate, Jumbe. Vitabaki tisa, na masizi nyumbani hayajaisha."

Nyuma yake wanawake wa Kiwengele waliinua vidole gumba vyao, kimoja kimoja, vyote vyeusi. Jumbe alivitazama. Hata mpishi wake wa ngomeni alikuwa amesimama pale, na kidole chake kilikuwa juu pamoja na vya wenzake. Jumbe akaona kwamba hana pa kuanzia kukata.

"Wamwage baharini!" alifoka. "Kama si wangu, basi si wa mtu yeyote. Na yule aliye mkononi mwake mnyang'anye."

Makata aliupindua mtumbwi, na changu wote wakateleza majini wakiwa hai na madoa yao, wakapotea kwenye majani ya bahari. Kisha alimgeukia Bi Mize, akamtazama samaki, akainamisha kichwa. "Huyu ana doa, Jumbe," alisema polepole. "Kwa mbiu yako mwenyewe, huyu ni wa watu."

Bi Mize hakungoja kusikia jibu. Aliwapa mgongo akaenda zake, bila kukimbia, samaki akining'inia mkononi ili kila mtu amwone. Alimpara, akamtumbua, akampika chukuchuku, akamnywesha Raya bakuli mbili. Alasiri kifua kikajaa. Mtoto alinyonya, akapaliwa, akalia kwa hasira, na bibi yake akakaa chini kizingitini akayalia sasa yale machozi ya asubuhi.

Wale changu waliomwagwa walizaana, na watoto wao wakatoka na doa, na wajukuu pia. Makata alichungulia madema mwaka baada ya mwaka, hakumwona tena aliye mweupe. Jumbe angeweza kuitangua mbiu ile. Hakutaka, kwa kuwa aliona aibu kurudisha neno lake mbele ya wanawake wenye masizi. Alikufa akitamani changu, na harufu ya changu ikimfikia kutoka kila nyumba ya kisiwa.

Na tangu siku hiyo, changu ana doa ubavuni, na chukuchuku ya kwanza ya changu hupelekewa mzazi kabla ya mwenye nyumba kuonja. Tangu siku hiyo pia mwanamke akifika dikoni humbonyeza samaki kwa kidole gumba. Nyama ikirudi juu, mbichi. Ikibaki shimo, aachiwe mwenyewe. Muuzaji atanuna, atasema unamharibia samaki wake. Mwache anune, wewe bonyeza.

Haya, shikeni kisu. Pareni kuanzia mkiani, na mkifika kwenye doa pareni kama kawaida. Magamba yatatoka. Lenyewe litabaki.