Mikono ya Alasiri

Kila mtu na asubuhi yake. Jana mlimsikia babu yenu akimwambia hivyo jirani, mkacheka, na leo mmekuja kuniuliza msemo huo ulitoka wapi. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha milimani, huko Upare, waliishi wanawake wafinyanzi. Kila alfajiri walikutana uani kwa Mama Mbonea, mkubwa wao, wakafinyanga vyungu huku wakiimba mpaka jua likawa kali. Kisha walikwenda mashambani. Vyungu vikishakauka, walivichoma vyote katika moto mmoja.

Miongoni mwao alikuwamo Nakijwa, mjane asiye na mtoto, aliyeolewa kutoka mbali. Asubuhi Nakijwa hakuwa na mikono. Aliamka mapema kama wenzake, akanawa maji baridi, akaketi nao, lakini vidole vilikuwa vizito kama vya kuazima. Udongo aliukanda nusunusu, kokoto zikabaki ndani. Wenzake walimwita Mama Usingizi. Naye alicheka pamoja nao, maana kuchekwa ukiwa na watu kulikuwa afadhali kuliko kimya cha nyumba yake.

Siku moja chungu chake kilipasuka motoni kikavunja vyungu kumi na kimoja vya wenzake, pamoja na mtungi ambao mama mmoja alimfinyangia bintiye anayeolewa. Hakuna aliyecheka. Mama Mbonea alimwambia taratibu, "Pumzika kwanza, mwanangu." Nakijwa akaelewa kwamba ametolewa.

Tangu hapo akawa anakaa peke yake nyumbani. Asubuhi nyimbo zilimfikia kupitia migombani, naye akazifuata kwa midomo bila sauti. Alasiri moja, wenzake wakiwa mashambani, alishika bonge la udongo, mradi tu asikae bure. Akashangaa. Kila kokoto, hata iliyo ndogo kama punje ya ulezi, vidole viliisikia na kuitoa. Jua lilipoinama, mbele yake kilikaa chungu chembamba, mdomo wake mviringo kamili. Hakuwa na wa kumwonyesha. Kesho yake saa ile ile akafinyanga kingine.

Ulipita mwezi. Alasiri moja Mama Mbonea, aliyeshindwa kwenda shamba kwa maumivu ya mguu, akapita kumjulia hali. Akavikuta vyungu vimepangwa ukutani.

"Nani amekufinyangia hivi?"

"Ni mikono yangu, mama."

"Mikono yako tunaijua."

"Mnaijua ya asubuhi," Nakijwa akajibu.

Mama Mbonea akakaa chini, akamtazama akikanda, akifinyanga, mpaka kuku wakaanza kurudi bandani. Mwishowe akasema, "Miaka sita umekaa karibu yangu, nami sikuwahi kukuona."

Vyungu vile viliingia katika moto wa wote, wala hakikupasuka hata kimoja. Wanawake wakamwita arudi. Naye akarudi kesho yake alfajiri, kwa hamu, kwa sababu alizitamani nyimbo kuliko udongo wenyewe. Akaketi, akaimba, akaharibu chungu cha kwanza, na cha pili.

Mama Mbonea akamshika mkono. "Asubuhi tusombee udongo na kuni, uimbe nasi kila ukitua mzigo. Kufinyanga, ngoja saa yako. Kila mtu na asubuhi yake, mwanangu. Yako inafika tukiwa tumekwisha kuondoka."

Nakijwa akafuata shauri hilo maisha yake yote. Vyungu vyake vilitafutwa hadi vijiji vya tambarare. Lakini alivifinyanga vyote peke yake, katika ua mtupu, na hakuna mwenzake aliyeweza kukaa naye saa ile.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, msiitumie methali hii kumtetea mvivu, wala kumcheka anayechelewa. Mtu anaweza kukaa miaka kati ya watu akifanya kazi kwa saa zao, akadhani hana mikono. Na akiipata saa yake, huenda asimkute mtu. Kila mtu na asubuhi yake.