Kijiji Kilichopigia Kimya Vigelegele

Kijiji kimoja kilikuwa na sikio. Lilikuwa dishi la chuma, pana kuliko zizi la ng'ombe, limesimamishwa katikati ya mbuga kavu, na kazi yake ilikuwa kusikiliza mahali nyota zinapozaliwa. Maana nyota nazo huzaliwa, na huzaliwa ndani ya vumbi zito ambamo jicho haliingii. Lakini nyota changa huzungukwa na mvuke wa maji, na ikilila vumbi hilo kwa pupa, mvuke ule hupiga ukelele. Ni ukelele wa redio, hausikiki kwa masikio haya tunayoyatundikia hereni. Mara nyingi ni mnong'ono tu. Halafu siku moja unapanda ghafla, unakuwa mkubwa wa kutisha, kisha unafifia na kwisha. Asiyeuwahi ameukosa.

Sikio liliwekwa pale kwa sababu ya ukame, maana unyevu wa hewa huizima sauti ile. Ukame ule ule uliowafanya watu wachekwe ndio uliowapa sikio. Wakalitolea malisho yao mazuri. Wakakubali pikipiki zisikaribie na simu zizimwe kabla ya kufika kwenye uzio. Hata harusi zao zilichezwa kwa ngoma na makofi, bila spika.

Wasikilizaji walikuwa wawili, Lechipya na dada yake Mbeleje, wamesomea kazi ile darasa moja. Sikio lilikuja na sheria, nayo ilikuwa fupi. Ukisikia jambo jipya, geuza sikio pembeni, mahali pasipo na kitu, ungoje. Sauti ikibaki, ni ya duniani, kaitafute nyumbani kwako. Ikipotea, rudisha sikio. Ikirudi nayo, ndipo uyaite masikio ya nchi nyingine yaje yasikilize pamoja nawe.

Zamu ya Lechipya ikafika siku yake. Kwenye kioo cha kompyuta, pale ambapo mnong'ono ulikuwa mstari mnyoofu, mlima ukainuka. Alikuwa ameungoja mno, na mtu aliyengoja mno hupenda kabla ya kuuliza. Akaogopa kugeuza, asije akarudi akute umekwenda. Akatangaza. Nchi za mbali zikaacha kazi zao, zikageuza masikio yao, zikasikia kimya kitupu. Ndugu wale wawili wakatafuta chanzo, na mwishowe wakakipata. Lilikuwa friji la jikoni kwao wenyewe, limeharibika, linatoa cheche.

Watu wa mnadani wakaipata habari hiyo. "Jamani, friji limejifungua salama? Mtoto wa kike au wa kiume?" Mwanamke wa kijiji kile hakuweza kununua hata chumvi bila kuulizwa hali ya mzazi. Na waliolileta sikio wakatuma neno: mkipiga kelele ya uongo mara nyingine, tunalifungua nati, tunawapelekea watu wanaojua kusikiliza. Malisho yalikuwa yamekwisha kumwagiwa zege. Sikio likiondoka, watabaki na zege na kicheko.

Lechipya alilibeba friji lile mgongoni hadi nje ya uzio, mchana kweupe, watu wakimtazama. Hilo nampa.

Ukapita muda mrefu wa mnong'ono. Watu wakavuna mtama, wakapanda, wakavuna tena. Kisha kiangazi kimoja, saa ya adhuhuri, Mbeleje akiwa kwenye kiti, mlima ukainuka. Ukainuka kuliko ule wa kwanza. Habari ikafika kwenye uzio kabla yeye hajainuka kitini. Wanawake wakaiacha michi kwenye vinu, wanaume wakaacha ng'ombe birikani.

"Dada, tangaza," Lechipya akasema, jasho linamtoka. "Ukigeuza utaupoteza. Mimi nimewahi kukaa hapo, naijua hofu yake."

Na nje bibi mmoja akapaza sauti: "We Mbeleje! Fanya upesi, ila usitutie aibu! Ile ya kaka yako bado tunaila!"

Msidhani hakuutaka. Aliutaka kuliko wote, maana jina lililokuwa linachafuliwa kule mnadani lilikuwa la nyumba yao. Mkono wake ulikuwa tayari pale pa kutangazia. Akauondoa.

"Kama umetoka juu," akasema, "hautanifuata nikigeuka."

Akaligeuza. Sikio lile ni zito, halina haraka. Lilizunguka likilialia, kivuli chake kikapita juu ya vichwa vya watu waliojazana kwenye uzio. Kwenye kioo mlima ukaanza kushuka. Ukashuka, ukashuka, ukalala chini, pakabaki tambarare kama mbuga yenyewe. Lechipya akajifunika uso. Mbeleje akatoka mlangoni, akawaambia watu neno moja: "Kimya."

Watu wale hawakuhitaji kufafanuliwa. Walikuwa wamelishwa friji miaka yote hiyo, kila mmoja alijua kimya kile kina maana gani. Mama mmoja akaanza, wengine wakapokea, vigelegele vikaijaza mbuga. Sikio halijali vigelegele, linaogopa simu. Mchuuzi wa mbuzi aliyekuwa akipita akasimama akashangaa. "Nyie, mnashangilia nini?"

"Hatujasikia kitu!" wakamjibu, na kuendelea kurukaruka.

Akaondoka akitikisa kichwa. Mwacheni aende.

Mbeleje akalirudisha sikio, na mlima ulikuwepo, umezidi kukua. Ndipo akaita. Kadiri dunia ilivyozunguka, nchi moja baada ya nyingine ikageuza sikio lake kule kule, na kila moja ikasikia: mahali fulani gizani, nyota changa imekula ikashiba, na mvuke wake unapiga ukelele. Waliousikia kwanza ni watu wa mtama na ukame. Leo wakienda mnadani wanatembea kifua mbele, na bei ya chumvi wanaiuliza kwa sauti. Wana haki. Fahari yao imepimwa.

Sasa msiniangalie kama hamjaelewa. Kwetu wapo wanaosimama mbele za watu na kusema wamesikia sauti ya Mungu, na kila mara sauti hiyo inataka kile kile ambacho matumbo yao yalikuwa yanataka tangu jana. Wengine wameivunja ndoa ya mtu kwa sauti hiyo, wengine wameuza shamba la yatima. Nawauliza hao, na wewe uliyekwisha kumfikiria jirani yako nakuuliza pia: ulipoligeuza sikio lako pembeni, ilinyamaza?