Sahani ya Mgonjwa

Ndugu zangu, sogeeni kidogo, na wa nyuma wapate kusikia. Leo nina habari ya viazi. Msicheke.

Kulikuwa na mama mmoja huku huku kwetu milimani, mpishi hasa. Viazi vyake vya samli vilinukia mpaka jirani akakumbuka ghafla kwamba ana salamu za kuleta. Mumewe alivipenda viazi hivyo kupita kiasi, tena mbele ya sinia alikuwa na maneno mengi. Siku moja presha ikamwangusha shambani. Hospitali wakamrudisha mzima, ila na onyo: samli basi, vya kukaanga basi, chumvi kidogo sana.

Yule mama alimpenda mumewe. Akaingia jikoni kujifunza upya. Akachemsha viazi mpaka vikaiva sawasawa, akabakiza maji yake kidogo, akaviponda kwa mwiko vikiwa vya moto, akitia mtindi kidogo kidogo. Akachoma kitunguu swaumu kwenye majivu, akakiponda humo kifidie chumvi. Vikatoka vyeupe na laini, vinateleza vyenyewe kooni. Kisha, ili mgonjwa asitamani sinia la wenzake linalong'aa samli, akamtengea kimeza chake dirishani, na sahani yake, na kijiko chake. Si mapenzi hayo? Ni mapenzi, nani atabisha?

Lakini mzee anakula vijiko vitatu, anasukuma sahani. "Alhamdulillahi, nimeshiba."

"Baba Hatibu, umeshiba nini? Hata paka hashibi hivyo!"

"Ni vitamu, mama. Nimeshiba tu."

Mama akaona kosa liko kwenye sufuria. Kesho yake akaongeza mtindi. Siku nyingine akatia giligilani. Mzee anazidi kukonda, kanzu inamning'inia, na mama anamenya viazi huku machozi yanamtoka. Aliona wazi kwamba anampoteza.

Adhuhuri moja, watoto wakiwa shule, alimwekea sahani yake, mara moyo ukasita: kitunguu swaumu hakijazidi? Akavuta kigoda, akaketi, akachota kwa vidole, akaonja. Hakijazidi. Akachota tena, maana njaa ilimuuma, huku anamsimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyotafuna kanga yake kwenye kamba. Mzee akacheka. Akaweka kijiko chini, naye akala kwa mkono. Walipotazama, sahani haina kitu.

"Leo umetia nini humu?" mzee akauliza.

"Mtindi ule ule. Swaumu ile ile."

Mzee akaigusa sahani tupu. "Mama Hatibu, tangu nitoke hospitali, leo ndiyo mara ya kwanza mkono wa mtu kuingia sahani moja na wangu. Nilikuwa nakaa hapa dirishani, nawasikia mnavyocheka pale mkekani, nasema moyoni: mimi nilishakufa, hawa wananipikia tu."

Mama alimshika mkono ule ule uliojaa viazi, akalia. Jioni ile sinia likajaa viazi vya mtindi, nyumba nzima ikala hivyo hivyo, na mzee akakaa katikati yao.

Sasa sisi, ndugu zangu. Nani hapa hana mtu wake aliyemweka dirishani? Yupo bibi asiyesikia vizuri, yupo mwenye sukari, yupo ndugu aliyetoka gerezani. Dawa tunanunua. Uji tunapeleka, tena wa moto. Halafu tunarudi kwa wenzetu tukiwa tumeridhika kabisa, na yule tunamshangaa kwa nini hapati nafuu. Hivi ni kweli kwamba kinachompungukia ni mtindi? Na wewe, kula viazi visivyo na samli siku moja kwa ajili yake, kungekudhuru nini?

Mwenyezi Mungu atusamehe. Tumekuwa wapishi wazuri na jamaa wabaya. Leo ukitoka hapa, usimpelekee mtu chakula ukaondoka. Nawa mikono, ukae, ule naye.