Msiro wa Mastura

Wahenga hawakuona haya waliposema mficha uchi hazai. Mzazi akimbania mkunga miguu, mtoto atatokea wapi? Ndivyo ilivyo kwa kila amfichaye taabu yake yule awezaye kumsaidia. Asiyesadiki, asikie yaliyompata Mastura binti Mwinyimadi.

Ilikuwa miaka ya vita vya ukombozi. Kati ya kijiji cha Mute na mto Ruvuma, wapiganaji walikuwa na zahanati ya nyasi msituni. Wagonjwa hawakupanga foleni pale. Walijibanza vichakani kwa kuogopa ndege za Wareno, wakawa wanaitwa kwa mluzi. Muuguzi wao, Atija, alisomea ng'ambo ya mto, naye alikuwa mdadisi kupindukia. Watu walimtania kwamba hata mbuzi akikohoa, Atija atamwuliza kikohozi kimeanza lini.

Mastura alikuja na mama yake, Mwanaamina. Alikuwa mwari aliyekwisha poswa, basi uso wake ulipakwa msiro, ule mti mweupe unaosagwa kwa maji, na viganja vyake vilikolea hina. Alilalamikia uchovu, kichefuchefu na kizunguzungu, na alikuwa amekonda kama ng'onda. Atija alimpa dawa ya malaria, kisha ya minyoo. Hakupata nafuu.

Siku moja Atija alikuwa akimchanganyia mtoto mwenye kuharisha maji ya chumvi na sukari. Akamwona Mastura anadokoa chumvi na kuilamba, kafumba macho kwa utamu. Wakati ule chumvi ilitunzwa kama risasi.

"Mdogo wangu, chumvi umeanza kuipenda lini?"

"Siipendi, dada," Mastura akajibu, na chumvi bado imo mdomoni.

Atija alicheka, lakini udadisi ulikwisha mwasha. Akampima shinikizo la damu amelala, akampima tena amesimama. Lilishuka ghafla, na msichana akapepesuka. Kwa nini? Akakumbuka somo la tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Zikidhoofika, mwili hupoteza chumvi na nguvu, na ngozi huzidi weusi, hata kwenye makovu na fizi. Lakini aitazame ngozi ipi, na yote imefunikwa?

"Nawa uso nikuone, kisha ufunue mdomo."

Mwanaamina akaruka. "Mwari hafunuliwi kabla ya ndoa yake! Wataka kutuaibisha, nesi?"

"Mama, nachelea akipata hata homa ndogo, mwili wake hautaihimili."

"Sina kitu usoni, dada," Mastura akasema huku akitazama chini. Wakaenda zao.

Kumbe alikuwa nacho. Kila asubuhi alijitazama kiooni, akaona weusi mpya midomoni, akaongeza msiro. Aliogopa watu watasema amerogwa, na mchumba wake, Shaweji, atavunja uchumba. Inauma kusema, lakini binti wa watu alikuwa akijipamba kwa safari ya kaburini.

Homa ikaja kweli. Alfajiri moja Mastura alirudishwa machelani, anatapika, mapigo ya moyo yanasikika kwa mbali. Atija akamwinamia.

"Dawa ninayoifikiria ni chupa moja tu, na majeruhi wanaihitaji. Niambie kweli, mdogo wangu."

Mastura akajifuta msiro kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu!" Mwanaamina akalia. "Hata mie umenificha?"

Atija akamfunua mdomo, akaona fizi zilivyopiga weusi. Hakusita tena. Akamchoma sindano ya kotizoni na kumtundikia maji ya chumvi. Kabla ya adhuhuri Mastura alikuwa ameketi, anaomba mchuzi.

Shaweji alipoambiwa kwamba mchumba wake atameza dawa ile maisha yake yote, alisema njia ya kuvuka mto anaijua, ataifuata mwenyewe. Wengine huwapelekea wachumba wao kanga na udi. Yeye aliongeza kibuyu cha chumvi. Siku ya harusi Mastura alikaa uso mtupu, bila msiro, akaita mbele ya wageni: "Mama mkwe, mchuzi haujakolea chumvi!" Watu wakacheka hadi wakazisahau ndege. Angeendelea kujifunika, siku ile wangekuwa wamekaa matanga. Ama kweli, mficha uchi hazai.