Vioo Vinavyoonyesha Viwiko

Zoezi la Usitishaji wa Muda wa Matumizi ya Barabara Kuu kwa Madhumuni ya Upishanaji Salama baina ya Vyombo vya Moto na Wanyamapori Wakubwa. Hilo ndilo jina lake kamili, wapendwa. Liliandikwa kwenye ubao kwa rangi nyeupe, na maneno ya mwisho yalibanana kwa sababu ubao uliisha kabla ya jina. Maana yake ni kwamba tembo wanavuka, kwa hiyo subiri.

Mwanamume mmoja alilisoma jina hilo lote, maana hakuwa na la kufanya. Alikuwa juu ya pikipiki kubwa ya mbio, zile zinazomlaza mpandaji kifudifudi juu ya tangi kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Watu hawasafirii pikipiki za namna hiyo, lakini yeye alikuwa anatoka nayo Morogoro kwenda kwa mama yake Mbeya. Wala hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuwa anakuja dada yake mdogo, muuguzi, kwa pikipiki ya aina hiyohiyo ila yenye injini ndogo. Ilikuwa safari ya kwanza ndefu ya dada huyo.

Kabla hawajaondoka mama alipiga simu. Hakuuliza watakwenda mwendo gani. Alisema tu, "Mnatoka wawili. Nataka mfike wawili."

Sasa, watu wa safari hizi wana desturi yao: wa mbele huendesha kwa mwendo wa yule wa nyuma. Kila baada ya kitambo hutazama kioo, na asipoiona taa ya mwenzake, husimama. Mwanamume huyu aliijua desturi hiyo, na ndiye aliyemfundisha dada yake. Lakini pikipiki za mbio zina siri ambayo muuzaji hakuambii. Ukishalala juu ya tangi, vioo havikuonyeshi barabara. Vinakuonyesha viwiko vyako. Kulia kiwiko, kushoto kiwiko. Ukitaka kuona nyuma, sharti uinuke, upunguze mwendo, ukikunje kiwiko ndani. Na lami ilikuwa nyororo, upepo wa asubuhi mtamu, injini inaimba. Wewe ungeinuka?

Ndivyo alivyofika kwenye kizuizi, katikati ya hifadhi. Askari wa wanyamapori, mwenye sare iliyonyooshwa pasi mpaka ikawa kama inasimama yenyewe, akamwambia azime injini kwa mujibu wa zoezi. Mwanamume akaomba apenye pembeni. Pikipiki ni nyembamba, haisumbui mtu.

"Bosi," askari akasema, "zoezi halipimi unene."

Akazima. Mara akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu Morogoro: kimya. Majani makavu yakisuguana, ndege mmoja mahali fulani. Kisha wakaja.

Wapendwa, mmewahi kumwona tembo bila kioo cha gari katikati yenu? Jike aliyetangulia alikuwa mrefu kuliko kibanda cha askari, na hatua zake hazikusikika. Mlima ulikuwa unatembea, na vumbi halikutimka. Masikio yake yalifunguka na kujifunga polepole, na harufu ya udongo na majani yaliyotafunwa ikafika mpaka kwenye foleni. Dereva wa basi aliyekuwa akilalamika kwa sauti akatoa kichwa dirishani kutazama. Mwanamume wetu akavua helmeti bila kujua kwa nini, kama mtu anayeingia katika nyumba ya ibada.

Wakavuka, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kumezwa na vichaka. Askari akashika kamba ya kizuizi.

Yule mkubwa akasimama. Akageuka.

Upande waliotoka kulikuwa kumebaki ndama. Alikuwa ukingoni mwa lami, anaigusa kwa mguu na kuurudisha, kama mtoto anayepima maji ya kuoga. Hakulia. Na yule mkubwa, ambaye hakuna askari wala ubao wa kumwamuru, aliivuka tena barabara nzima mbele ya malori na mabasi, akamgusa mgongoni kwa mkonga, akangoja. Ndama akapiga hatua moja. Naye akapiga moja. Wakavuka kwa mwendo wa mdogo.

Mwanamume, aliyekuwa ameegemea tangi tena, akatazama kioo chake. Kiwiko. Akatazama cha pili. Kiwiko. Ndipo akainuka, akageuza kichwa. Nyuma yake kulikuwa na lori la vitunguu, basi, na gari dogo jeupe. Taa ya pikipiki haikuwepo. Akajaribu kukumbuka ni wapi aliiona mara ya mwisho, akakosa. Alichokumbuka ni kibao cha mwisho alichokipita: usishuke kwenye gari, simba.

Kizuizi kikainuliwa. "Haya bosi, twende."

"Narudi nyuma."

Askari akautazama ubao, kana kwamba jibu lingekuwa pale. "Kurudi hakumo. Zoezi linahusu kwenda mbele."

"Nimemwacha dada yangu."

Askari akatazama upande waliopotelea tembo. Akashusha sauti. "Basi mimi sijakuona."

Alimkuta mbali, mbali kuliko alivyotaka kuamini, mnyororo wa pikipiki yake umekatika. Alikuwa ameketi juu ya tangi, helmeti kichwani, kioo cha helmeti kimeshushwa usoni, kana kwamba simba wangeheshimu hilo.

"Nilipiga honi, kaka," akasema. "Nikawasha taa. Mgongo wako ukazidi kuwa mdogo. Nikajiambia, labda atanisubiri Mbeya."

Sisi tunamcheka huyu mtu kwa sababu gani? Utaratibu wa kwenda mbele tunao. Tunayo kamati ya ujenzi, kamati ya maendeleo, na kamati ndogo ya kuzifuatilia kamati hizo. Utaratibu wa kurudi nyuma uko kwenye ubao gani? Yule mama aliyekuwa akikaa kanisani humu, karibu na dirisha lile, mnyororo wake ulikatikia wapi? Tunasema, "Siku hizi hatumwoni," na ni kweli tumeangalia. Tumeona viwiko vyetu: kazi yetu, paa letu jipya, mwendo wetu mzuri.

Na kabla hujaondoka hapa ukiwa na hasira na wa mbele yako, jiulize wewe mwenyewe ulivukaje. Ni nani humu aliyevuka peke yake? Mkubwa kuliko wote alikuwa amekwisha kufika ng'ambo. Hakuna aliyemlazimisha. Aligeuka akaja kwa mwendo wetu, hatua moja moja, na sisi tukadhani tunatembea.

Taarifa ya siku ile inasema zoezi lilifanyika kwa mafanikio na msongamano ukadhibitiwa. Kilichotokea ni hiki: tembo alirudi kumchukua mtoto wake, mtu mmoja akamwona, naye akarudi. Jioni ile pikipiki ndogo ilifika Mbeya juu ya lori jingine la vitunguu, na mama akafungua mlango kwa watu wawili.